Jina Asilolitaja Mama

Lyulilo,
4 Machi 2024

Wewe,

Sikusalimu. Salamu ni ya watu wanaotakiana heri, na mimi leo sikutakii. Simu nimekufungia na sikufungulii, ndiyo maana nakuandikia barua kama watu wa zamani. Nampa Athumani, yule mwenye duka hapo kwenu mpakani anayekuja huku siku za soko kununua vyungu. Nimemwambia akukabidhi mkononi, asimpe mkeo, maana aibu iliyomo humu ni yako peke yako.

Tangu tumzike mama silali, na si kwa sababu ya kifo. Mama alikuwa mtu mzima, aliugua, alituaga. Kinachoninyima usingizi ni wewe na karatasi yako. Ulisimama pale kaburini na suti yako, ukasoma wasifu wa marehemu kama unasoma hati ya lori la saruji. Ukasema mama hakuwahi kukuita jina lako hata mara moja. Ukasema alikuita Lwimbo kwa kukucheka, kwa kuwa ulikuwa mtoto wa kulialia. Ukasema kanisani wenzake wakimsifu Mungu, yeye alifumba mdomo. Yote hayo mbele ya watu, mama yuko ndani ya sanduku, hawezi kukujibu!

Na yule mchungaji wako wa mjini akadakia papo hapo: tumwombee marehemu, Mungu huwapokea hata wasiomsifu. Nilitaka kumrushia jembe. Ni mama mdogo Beatrice aliyenishika mkono.

Halafu kaburi. Mmemtoa mama huku Lyulilo kwa ndugu zake wa Kikisi, mkampeleka Busale mkidai ni mke wenu. Sawa, baba yuko huko. Lakini nani alikuambia umlaze pale, ubavuni kwa babu? Hujui ulichofanya, au unajua?

Siku ya kusimika msalaba usinialike. Wanawake wa Lyulilo nao hawaji. Mtaimba wenyewe, wewe na mchungaji wako.

Kisa, binti Veronika


Kasumulu,
10 Machi 2024

Dada Kisa,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Barua nimeipata. Nimeisoma nikiwa nimesimama dukani kwa Athumani, nikaisoma tena ofisini, na mara zote mbili nilitaka kuichana. Umeanza na "Wewe". Umejiona? Hata wewe jina langu linakushinda. Naona mmerithishana.

Nionyeshe niliposema uongo. Baba alipofariki, baba mdogo Yakobo alinichukua Mbeya nikiwa bado najifunza kuandika. Wewe ulibaki. Wewe ulipata mama wa kila siku, mimi nikapata mama wa likizo. Na kila nikija likizo nilikusikia unaitwa Kisa, Kisa, Kisa, kutwa nzima, uwe ziwani, uwe kwenye udongo. Mimi je? "Gwe, njoo." "Lwimbo, umekula?" Gwe, yaani wewe tu! Hata mbwa wa jirani alikuwa na jina. Kuna siku nilivunja chungu kibichi makusudi ili angalau aniite Tuntufye kwa hasira. Alinitazama tu, akaokota vipande, akavirudisha kwenye udongo.

Kanisani nilikaa naye benchi moja. Ule wimbo wa Kinyakyusa, "Tuntufye Kyala", tumsifu Mungu, ambamo jina langu lilitoka, yeye alikuwa anauimba wote isipokuwa neno hilo. Likifika anafumba mdomo, likipita anaendelea. Nilikuwa mtoto, lakini macho ninayo. Nilijua ananikataa mimi, hata ndani ya wimbo wa Mungu.

Nikapata kipaimara. Alikuja Mbeya na samaki mbasa wakavu kwenye kapu. Wageni wako sebuleni, keki iko sebuleni, mimi na shati langu jeupe niko sebuleni. Mama yangu yuko nyuma jikoni, amejifunika khanga mpaka usoni. Nikamfuata nikamwambia ingia. Akasema, "Hapa panatosha." Nikarudi ndani nalia, baba mdogo akaniambia, "Mwache. Mama yako hata jina lako hataki kulitaja."

Nilisema kaburini kile nilichoishi nacho. Na kaburi alilionyesha baba mdogo, yeye ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Wewe ulikuwa pale. Kama hapakufaa, mbona hukusema?

Ndimi mdogo wako,
Tuntufye


Lyulilo,
17 Machi 2024

Wewe,

Unauliza mbona sikusema. Nilisema!

Tulifika kutoka ziwani kaburi limeshachimbwa. Nilipoona pale palipochimbwa nilipiga kelele, "Mma! Mma!" Nilisema hapana, kwa Kinyakyusa cha kawaida ambacho hata mtoto wa Busale anakijua, mpaka sauti ikakauka. Wewe ukaja ukanikumbatia, ukanipigapiga mgongoni, ukasema, "Nyamaza dada, mama amepumzika." Ulidhani namlilia mama! Na ulipomaliza karatasi yako ukanishikilia tena hivyohivyo mpaka wakamaliza kufukia. Sijawahi kushikwa na mtu kwa upendo nikamchukia kiasi kile.

Hayo mengine kamwulize mwanamke yeyote wa Busale aliyeolewa. Mimi si mwalimu wako.

Kisa


Kasumulu,
6 Aprili 2024

Dada Kisa,

Shikamoo.

Athumani alikwama na barua yako, maji yamekula barabara. Nimeisoma hiyo "Mma" mara nyingi. Nilisikia "Mama". Naapa nilisikia "Mama".

Lakini hujanijibu. Unanituma kwa wanawake wa Busale nikaulize nini? Sijui hata swali lenyewe. Mke wangu ni Mhehe, ameniambia, "Mambo yenu siyajui." Wenzangu hapa forodhani wamecheka wakasema hayo ni mambo ya akina mama. Wewe unajua jambo na umelikalia, unafurahi kuniona nahangaika.

Basi sikia ya kwangu. Msalaba nimeshautengenezesha kwa fundi Kyela mjini, wa saruji, herufi zimechongwa vizuri: VERONIKA HEZRONI TUNTUFYE. Jina lake, la baba, la babu, kama ilivyo kwenye kitambulisho chake. Tutausimika Jumamosi tarehe 20 Julai, mpunga ukishavunwa. Kama una hasira tu, endelea nayo. Kama kuna jambo, liseme kabla saruji haijaingia ardhini.

Tuntufye


Lyulilo,
28 Aprili 2024

Wewe,

Nilikuwa nimeapa sitakueleza. Nilisema mtu mzima anayefanya kazi mpakani, anayejua magari yote yanabeba nini, atashindwaje kujua mama yake alibeba nini. Lakini umeandika jina hilo juu ya kichwa chake. Naandika sasa hivi, mkono una udongo, utanisamehe madoa. Au usinisamehe.

Kuna neno hapa kwetu: kutila. Mwanamke akiolewa humtila baba mkwe wake. Hamtazami, hali naye, hakai naye chumba kimoja. Na jina lake hataji. Hata neno lingine linalofanana na jina hilo halipiti mdomoni mwake, analizunguka, anatafuta lingine. Sasa niambie, baba yake baba aliitwa nani? Lisome hapo chini ya barua zako mwenyewe.

Mama alipoolewa Busale walimcheka. Binti wa ziwani, wa wafinyanzi, Mkisi, atajua wapi heshima? Akaamua kuwashinda kwa mila yao wenyewe. Babu akitokea njiani, mama aliingia migombani na kapu lake la vyungu kichwani, akachutama humo mpaka hatua zipite. Mzee alipofariki wakwe wenzake wengi walilegeza. Mama hakulegeza. Alisema, "Wasije wakasema nilikuwa namwogopa tu."

Halafu ukazaliwa wewe. Na wakakupa jina hilo hilo! Baba mdogo Yakobo ndiye aliyesimama akalitaja, anamtazama mama usoni. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka jinsi wanawake walivyonyamaza. Mtoto wake mwenyewe, wa kiume, amemsubiri, na jina lake limefungiwa mdomoni. Mama akafanya kama alivyokuwa akifanya chungu kikipasuka pembeni, hakukitupa, alitafuta njia nyingine. Jina lako ni la wimbo, basi akakuita Lwimbo. Si kwa sababu ya kulia. Wewe ulikuwa mtoto mkimya mpaka walidhani una kasoro. Aliyekuwa analia ni mimi.

Lwimbo! Alikuwa anakuita jina lako kila siku, kwa njia pekee aliyokuwa nayo, nawe ukaenda kulisoma kaburini kama tusi.

Na ule wimbo kanisani. Tangu nikiwa mtoto mama alikuwa ananiminya paja, anasema, "Niimbie na langu." Ndiyo maana nikifika neno lile napayuka. Naimba la watu wawili. Ulikuwa unakaa upande wake wa pili, unamwangalia mdomo, ungegeuka kidogo tu ungenisikia.

Na sebule ya Mbeya. Juu ya kochi kulikuwa na nini? Picha ya babu, kubwa, yenye fremu. Mama alipanda basi tangu alfajiri, samaki mapajani, kuja kukuona umevaa shati jeupe, akafika mlangoni akakutana na macho ya mzee ukutani. Angeingiaje? Aliniambia alikuona kupitia dirisha la jikoni. Alisema umependeza. Alisema shati lilikuwa refu mikono. Mwenye nyumba alijua yote haya. Angeishusha picha kwa dakika moja.

Umewahi kumwona mama sokoni? Mnunuzi akigonga chungu chake kwa kidole kusikiliza kama kimeiva, anamwuliza, "Na mkweo unamgonga hivyo?" Watu wanacheka mpaka kwenye mitumbwi. Hakuwa mtu wa kimya, huyo uliyemsoma. Alikuwa na mdomo kuliko soko zima. Akipenda kitu hakusema neno la kusifu kwa Kinyakyusa, maana nalo limo ndani ya jina hilo. Alisema, "Hiki kimekubali." Wewe ulipopata kazi Kasumulu alikaa chini akasema, "Lwimbo amekubali," akaenda kuoga ziwani na nguo zake.

Huyo ndiye mliyemlaza begani kwa baba mkwe. Pale hakuna mgomba wa kujificha. Maisha yake yote alimkwepa, na mwanawe ndiye aliyemfikisha. Sasa unataka kumtundikia na jina lake kichwani.

Nimemaliza. Simika msalaba wako.

Kisa


Kasumulu,
2 Juni 2024

Dada,

Sikuandika muda mrefu. Nilianza barua nikazitupa.

Nilikwenda Busale kwa baba mdogo. Siku hizi tangu astaafu anakaa kwenye nyumba ile ya zamani. Picha ya babu alihama nayo, iko sebuleni, juu ya kochi lile lile. Nikakaa chini yake nikamwuliza, "Baba mdogo, ulijua mama anamtila babu?"

"Nani asiyejua?"

"Siku ya kipaimara changu, mbona hukuishusha picha?"

Akasema, "Nyumba ni yangu, na baba ni wangu. Yeye alikuja kama mgeni."

"Na mimi ukaniambia hataki kunitaja jina."

"Alikuwa anakutaja?"

Nikainua macho kwenye picha. Akasema, "Basi. Nilisema uongo gani?" Akamwomba mkewe atuletee chai!

Nilifikiri njia nzima ya kurudi, nikaliona. Alibadilisha neno moja tu. Palipokuwa na "haruhusiwi" aliweka "hataki". Neno moja, dada, akamwambia mtoto anayelia. Nimelala ndani ya neno hilo tangu siku ile. Nimeoa nalo. Sikumleta mke wangu kwa mama ipasavyo kwa ajili yake. Mama alipougua nilituma dawa kwa Athumani badala ya kuja mwenyewe, nikajiambia, yule mtu ana shida gani na mimi. Na kaburi, alipolionyesha kwa fimbo yake, alikuwa anajua. Alikuwa anajua!

Chai sikunywa. Nilipanda kwenye kochi na viatu vyangu, nikaishusha picha, nikaiweka mezani imetazama chini. Nikatoka bila kuaga. Mkewe alinifuata mpaka barabarani ananiita jina langu, na kila alivyoliita nilitamani linitoke mwilini.

Nifanye nini? Nimeuliza, kibali cha kufukua kinapatikana. Nimtoe nimrudishe Lyulilo?

Tuntufye


Lyulilo,
16 Juni 2024

Wewe,

Usimfukue. Mama akishalala hakupenda kuamshwa, hata kwa chakula. Na baba yuko upande wake wa pili, usimtenganishe na mumewe kwa makosa yenu.

Fanya haya. Msalaba ule uvunje. Usiupake rangi, uvunje. Mpya uandike jina lake na kazi yake, na sisi aliotuzaa, kwa majina ya mdomoni mwake. Jina la babu lisikanyage pale.

Kati yake na babu panda migomba. Machipukizi usichukue shamba la baba mdogo. Nimemwambia mama mdogo Beatrice akuwekee ya huku ziwani, Athumani atayabeba chini ya vyungu. Yapande karibu karibu, yawe mstari mmoja. Yakikua atapata pa kuchutama.

Wasifu utasema upya, watu wale wale wakiwepo, bila karatasi. Mchungaji wa mjini abaki mjini. Na wataimba wimbo ule, lazima wataimba, Busale hawana msalaba bila wimbo ule. Likifika neno lile, utajua mwenyewe la kufanya.

Wanawake nitawaambia waje. Mimi sijasema nakuja. Usidhani nimekusamehe. Hasira yangu kwa baba mdogo haijapunguza ya kwako, kila mmoja ana fungu lake.

Kisa


Kasumulu,
22 Julai 2024

Dada,

Shikamoo.

Nilikuona. Ulisimama nyuma kabisa na wanawake wa Lyulilo, umejifunika khanga, ulidhani sitakujua.

Migomba umeiona. Mitatu ilishachomoa jani jipya. Baba mdogo aliketi mbele kwenye kiti chake, na kila nilipomtazama aliangalia migomba, si mimi. Watu walisoma msalaba wakaanza kunong'ona, VERONIKA, MFINYANZI, MAMA YAO KISA NA LWIMBO. Kijana mmoja akauliza Lwimbo ni nani. Bibi aliyekuwa karibu naye akampiga kofi la mgongo.

Niliposimama kusema sikuwa na karatasi. Nilisema wale waliosikia wasifu wangu wausahau wote. Nikasema mama yangu aliniita jina langu kila siku ya maisha yake, na kwamba kuna mtu hapa alijua hivyo akanificha, naye anajijua, na sitamtaja jina. Wazee wakaguna. Wanawake hawakuguna.

Kisha wimbo. Dada, sikujua ni vigumu namna ile. Neno lilipofika nikafumba mdomo, na koo likataka kulitoa lenyewe, kama vile unazuia kikohozi. Mara moja tu, nikatoka jasho. Yeye alifanya hivyo kila Jumapili, na mimi nimekaa ubavuni namhesabia dhambi.

Nilidhani pale nilipofumba patakuwa na ukimya. Nikasikia sauti kutoka nyuma inapayuka kuliko kwaya nzima. Nikageuka safari hii.

Uliondoka kabla ya chakula. Nilikutafuta mpaka kwenye magari ya Noah ya Matema, yanayokuja huko kwenu.

Mdogo wako


Lyulilo,
28 Julai 2024

Gwe,

Sikula kwa sababu wali ulipikwa nyumbani kwa Yakobo, na mimi nikiwa na hasira sili. Ya kwake siitoi, nitazikwa nayo. Ya kwako imebaki kidogo, nitaitumia polepole, usinishangae nikikufokea mwezi wa kumi na mbili.

Nilipayuka kwa mazoea tu, usijione. Mdomo wangu haujawahi kuimba neno lile la mtu mmoja, haujui. Ila nilipoona mabega yako yametetemeka nikaongeza.

Mgomba wa mwisho, ule wa upande wa miguuni, umeupanda umeinama. Nenda kaunyooshe.

Simu nimekufungulia. Leo jioni nikishatoa vyungu motoni nitakupigia. Pokea. Sitakutaja jina.

Kisa